Kijerumani cha Kumtania Mjukuu

Mwanangu uliye Ujerumani,

Huku Isevya hatujambo, ila mimi nimechoka. Nimechoka na vitabu vyako.

Ulianza na ile kamusi nene. Nikaifungua, kumbe ni ya Kijerumani na Kiingereza. Sasa baba, Kiingereza changu unakijua. Nijifunze lugha mbili ili nizungumze na mtoto mmoja? Ukatuma kitabu cha watalii. Kimenifundisha kuomba chumba chenye bafu na kuuliza stesheni iko wapi. Stesheni ya Tabora naijua tangu sijaolewa. Halafu ukaniwekea programu kwenye simu, kila asubuhi inanisomesha habari za nyani anayekunywa maziwa, nikikosea inapiga kengele. Hivi ulikuwa unachagua, au ulikuwa unatuma tu ili moyo wako utulie?

Sijakataa kusoma, unielewe. Mwanao Maganga hajui lugha nyingine ila Kijerumani, na amebeba jina la marehemu baba yako. Ni mume wangu yule, sitaki nife hatujataniana. Lakini katika mavitu yako yote hakuna hata kimoja kinachosema bibi anamtaniaje mjukuu. Nikajiungia mwenyewe, neno huku, neno kule, nikakariri huku nachambua mchicha. Jumapili ulipopiga simu ya video nikamwambia kwa Kijerumani changu, "Mume wangu, mahari yangu unaleta lini? Nikiona kimya naolewa na mwingine." Mtoto akajificha nyuma ya kochi. Mama yake akanikodolea macho. Na wewe, uliyekuzwa kwa utani huo huo, ukaninong'oneza, "Mama, huku hawasemi hivyo."

Basi ungewaeleza. Mdomo unao.

Unakumbuka tulipokupeleka Igalula kwa bibi yako, ukiwa hujui Kinyamwezi hata salamu? Hakuna aliyekununulia kitabu. Alikuita mume wake mvivu, akakushikisha jembe, akakunyima karanga mpaka uziombe kwa lugha yake. Ulirudi mjini unamjibu kila mzee, nikacheka hadi nikakaa chini. Uliishika lugha kwa sababu ulimpenda yule bibi, na yeye hakukuachia nafasi ya kukaa kimya. Hicho ndicho ninachokuomba, na hakiuzwi dukani: zungumza Kiswahili nyumbani kwako, kisha mlete mtoto likizo, nimnyime karanga.

Nina hasira, lakini zaidi nina uchungu, maana kuna jambo hujui kwamba nililisikia. Kabla simu haijakatwa, mtoto alikugeukia akakuuliza kitu. Nilikielewa chote bila kamusi, ni somo la kwanza la ile programu. Aliuliza, "Huyu ni nani?"

Nikasubiri nisikie utamjibu nini. Ukakata.

Mjibu, mwanangu.

Ni mimi mama yako,
bibi yake Maganga.