Hii Si Harusi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, ila baridi ya hapa Torino inanikomesha. Je, lile goti limekuhurumia, au bado linakulazimisha kupanda boda kwenda sokoni Marafa? Na mihogo, nyani wameibakiza? Mimi nimekasirika, mama, na ni heri nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu kwamba mwanao yuko karibu kufukuzwa kazi.

Unajua kazi yangu ni kutia sauti katika michezo ya simu ya watoto. Mlango ukifunguka, ni mimi. Mvua ikinyesha, ni mimi. Sauti nyingi haturekodi wenyewe. Iko mitandao ambako watu huweka sauti zao ukachukua bure, mradi usome masharti: huyu anataka jina lake litajwe, yule hataki itumiwe kibiashara. Radi nimepata huko, na mbuzi pia, ingawa mbuzi wa Ulaya hulia kama aliyeshiba.

Sasa tunatengeneza mchezo wenye harusi ya pwani ya Afrika. Nikatafuta "harusi Afrika". Kwanza zikaja ngoma na simba, sijui simba kaalikwa na nani. Kisha ikaja moja ya kayamba na wanawake wakiimba, imeandikwa "Furaha ya harusi, Kenya". Bosi wangu, Paola, akaipenda papo hapo. Mimi nywele zilinisimama. Mama, lilikuwa hanga. Hanga la kwetu kabisa, la kumlilia marehemu! Katikati yumo mama anaita, "Mwanangu, udzaniricha!" Mwanawe amemwacha. Nadhani mtalii fulani alipita matangani na kinasa sauti chake, akaona wanawake wanaimba na kutikisa mabega, akaona hiyo ni sherehe.

Nikamweleza Paola. Akacheka kidogo.

"Kadzo, mimi nimekwenda Malindi likizo miaka mingi. Ni sauti nzuri, na ni ya bure. Nani atajua?"

"Mama yangu atajua," nikamwambia. "Na wewe sasa unajua."

Hilo la pili halikumpendeza. Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unakwisha mwezi huu, nisije nikaupoteza kwa ajili ya sauti. Anajua fika kwamba bila mkataba sina kibali cha kukaa hapa. Nikaifuta kwenye kompyuta mbele ya macho yake. Kisha nikaenda mtandaoni nikaandika chini ya ile sauti, kwa Kiitaliano, Kiswahili na Kigiriama: Hii si harusi. Mama huyu amefiwa. Aliyeiweka nimemwandikia aiondoe, kanijibu kwa picha ya kidole gumba. Bado iko. Nitamwandikia mpaka achoke yeye.

Paola amenipa hadi Ijumaa nilete harusi nyingine, "ya kweli basi, kama unaijua." Ndiyo maana nakuja kwako. Mwombe shangazi Dama na wenzake wa kikundi cha harusi waimbe, na kaka Katana arekodi kwa simu yake, ileile inayoipokea barua hii. Redio izimwe, kuku wafukuzwe, na simu aifunike kwa leso nyepesi upepo usivume ndani. Kwanza kila mmoja aseme jina lake na kwamba amekubali, maana majina yote nitayaandika kwenye mchezo. Baadaye, wakiridhia, nitaiweka bure mtandaoni, ili anayetafuta harusi ya Wagiriama apate harusi.

Wakikataa, usiwabembeleze. Nitamwambia Paola harusi yake ichezwe kimya, na kama ni kufunga virago, nitafunga. Kwetu ninako.

Nisalimie shangazi, ambaye vigelegele vyake vilimtia kiwewe bwana harusi wa kule Adu. Nisalimie Katana na mkewe, na jirani yetu Bi Rukia wa mahamri. Wewe usinihofie, mama, wala usiniombee niwe mpole. Kibali wakininyima, waninyime. Mama aliyefiwa simchezeshi harusi mimi.

Binti yako asiyenyamaza,
Kadzo