Waliokusamehe Hawakukudai

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimelelewa vizuri, na aliyenilea ni Mama.

Siku tulipokuzika, baba mdogo alisimama makaburini akauliza nani anakudai. Hakujitokeza mtu. Akawaomba watu wakusamehe, wakaitikia kwa pamoja kwamba wamekusamehe. Haya nilisimuliwa tu, maana sisi wanawake tulibaki nyumbani na masufuria. Mama, uliyempa talaka nikiwa darasa la tatu, alikuwa uani kwako anachambua mchele wa msiba wako. Yeye ndiye anayekudai. Umesamehewa na watu ambao hukuwahi kuwanyima chochote!

Nimekasirika, Baba. Nilitaka kukulilia, nikashindwa.

Unakumbuka mahakama ya mwanzo? Ulikwenda na shati lililochanika, ukasema, "Mheshimiwa, mimi mkulima tu, sina kitu." Hakimu akakuonea huruma, akakupangia matunzo kidogo ya kila mwezi kwa ajili yangu. Ulilipa miezi miwili. Kisha biashara za watu binafsi zikaruhusiwa, malori ya Dar es Salaam yakawa yanapanda mpaka kwetu kufuata matunda yako ya plamsi. Ukaezeka bati, ukanunua redio kubwa. Likizo moja nilikuja kukusaidia kuvuna. Ulinifundisha kuchuma tunda na kikonyo chake, kulipanga kwenye tenga bila kufuta ule ungaunga wa ganda. Nilifurahi mno siku ile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jioni nikakuomba ada ya sekondari. Ukajibu, "Kamuulize mama yako, si ndiye aliyenipeleka mahakamani?"

Basi Mama akaenda Bulwa kuchuma chai. Miaka minne nilikaa kwa bibi, namwona Mama mara moja kwa mwaka, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Vidole hivyo ndivyo vilivyonisomesha.

Juzi, baada ya arobaini yako, ndugu walikaa na shehe kugawana mirathi. Nikaingia na karatasi ya hukumu, ambayo Mama aliitunza miaka yote chini ya kanga zake. Nikasema deni hulipwa kwanza. Baba mdogo akang'aka, "Lilishasamehewa makaburini! Mtoto gani anamdai baba yake aliyekufa?" Shehe akaagiza Mama aitwe. Akaja, akakaa karibu na mlango, akasema taratibu, "Yangu nilimsamehe zamani. Ya mtoto si yangu kusamehe."

Wote wakanigeukia. Ilikuwa rahisi kusema nimesamehe; wangenisifu, tungekula wali, yangekwisha. Nikasema sijasamehe.

Shehe akasema nina haki. Mavuno ya plamsi sasa ni yetu mimi na Mama mpaka deni liishe, ndipo ndugu wagawane shamba. Baba mdogo nikimwamkia haitikii. Shauri yake.

Usidhani ni chuki tupu. Nimefundishwa kwamba aliyekufa na deni hapumziki huko uliko, na sitaki uhangaike. Bado nakupenda, Baba, na hata hilo linaniudhi.

Haya, kwaheri. Nakuahidi: siku deni litakapokwisha nitakuja mwenyewe kaburini kwako, nitakwambia nimekusamehe, na itatoka moyoni. Itachukua misimu kadhaa. Usinihimize. Sisi tulikusubiri ukiwa mzima, na barabara ya kuja kwetu ilikuwepo.

Mwanao,
Zaina