Eos na Mzigo Wake Wenye Tai

Jumapili, 4 Mei
Heulwen, mke wangu, anasema nimechanganyikiwa. Asubuhi nzima nimekimbia malishoni na poni, farasi wangu mdogo, kondoo wakitutazama. Eos ana miaka mitatu, mweupe, shingo ya kimalkia. Mimi nina sitini na moja na tumbo la mikate ya zabibu. Miaka arobaini naonyesha poni, na ukuta wa jikoni umejaa tepe za kijani — nafasi ya nne. Utepe mwekundu wa mshindi, hata mmoja! Nikiupata na Eos, nitakufa nikicheka.

Jumamosi, 24 Mei
Maonyeshoni, kijani tena! Kwenye kutembea tulikuwa wazuri. Kisha jaji akataka mbio. Nani alibuni shindano ambalo farasi hapandwi, mtu ndiye anakimbia kando yake na tai shingoni? Nikakimbia. Yaani nilidhani nakimbia. Jaji alisema kwa upole kwamba mnyama anataka kupaa ila kuna kitu kinamzuia. Kitu chenyewe kilikuwa kinahema.

Glenys wa shamba la juu alinisubiri langoni. "Pole, jirani. Aliyekuwa wa nne ni poni au ni wewe?"

Ijumaa, 13 Juni
Balaa. Shampuu ya zambarau, ile ya kung'arisha farasi weupe, huachwa dakika tano. Redioni kukawa na kwaya ya wanaume. Nikaimba nao besi, beti zote sita. Sasa Eos ni wa zambarau. Kesho saa tatu tuko uwanjani!

Jumamosi, 14 Juni
Wa tatu, na zambarau yake. Jaji alicheka mpaka akafuta miwani, kisha akasema kwa miguu ile anamsamehe rangi yoyote. Miguu yangu hakuitaja.

Jumamosi, 5 Julai
Goti! Nimeteleza kwenye tope nikishuka kutoka kwenye trela, dakika kumi kabla ya zamu yetu. Heulwen hakuniuliza. Kamba akampa Glenys, ambaye poni wake mwenyewe amebaki nyumbani anachechemea.

Kumbe sikuwahi kumwona Eos akikimbia. Siku zote niko kando yake, naona sikio moja na jasho langu. Leo nilisimama nje ya uzio — akaenda kama hagusi majani. Wa kwanza! Utepe mwekundu! Nilipiga makofi, kisha nikajificha kwenye trela nikalia. Ni furaha, nilimwambia Heulwen. Uongo. Ni wivu. Mtu mzima, namwonea mwanamke wivu kwa sababu ana magoti.

Jumatano, 6 Agosti
Goti limepona. Nimemwambia kila mtu, hata ambaye hakuuliza. Heulwen: "Hivi unampenda poni, au unapenda picha yako gazetini?" Nikasema nampenda poni. Kisha nikapiga tai pasi.

Jumamosi, 9 Agosti — maonyesho makubwa
Naandikia juu ya robota la majani, ndani ya trela. Asubuhi nilipouona uwanja goti lilianza kuuma lenyewe. Glenys akakimbia na Eos — wa kwanza kati ya kumi na tisa! Sasa ni ubingwa, washindi wote pamoja. Zimebaki dakika kumi na tano.

Glenys amenirudishia kamba na nambari ya mshiriki. "Shika. Ubingwa ni wa mwenye mali. Miaka arobaini, Idwal!" Sikutegemea wema kutoka kwake.

Nimejifunga nambari kiunoni. Nimemtoa Eos nyuma ya magari tujaribu hatua ishirini. Aliondoka vizuri. Kisha akanisikia nahema, akapunguza. Akageuza shingo, akanisubiri. Wala sikumvuta. Ananihurumia, kipenzi changu, na huruma hiyo nimemfundisha mwenyewe, kila asubuhi, malishoni.

Kipaza sauti kinaita. Nimefungua nambari; atakimbia Glenys. Nimemwita Glenys — yuko kwenye foleni ya chai, hajasikia. Naita tena.