Sahihi kwa Niaba ya Baba

Makurunge, Jumanne

Kaka yangu Haidar,

Shikamoo. Natumai Tanga mnaendelea vizuri, wewe, wifi Thuwaiba na watoto. Sisi huku wazima, ila mguu wa mama bado unamsumbua na kupumzika hataki. Barua hii anakuletea Shamsia, kwani yaliyomo hayasemeki kwenye simu.

Nianze na la kucheka. Najifunza Kiingereza kwa mwalimu Naila. Mwezi uliopita alitupa "on behalf of", yaani kwa niaba ya, tutunge sentensi kumi. Mimi nikatunga thelathini. Niliwashukuru wageni kwa niaba ya mama, nikaomba radhi kwa niaba ya mbuzi wa Ibrahimu aliyekula mihogo yetu. Mwalimu alisema hakuna hata moja yenye kosa. Kichwa kikanivimba, kaka.

Jana walikuja watu wanne na vigingi vya zege. Wamepima shamba lote la marehemu baba hadi makaburini, na kigingi kimoja wamekisimika hatua mbili tu kutoka alipolala. Mama alipowauliza, walimjibu kwamba familia imekwisha kuuza na sahihi ipo. Ya nani, hawakusema.

Mama anamshuku ami Abdala, salamu yake haitikii tena. Hakulia. Amesema aliyeuza kaburi la mumewe atasomewa Halbadiri Ijumaa baada ya alasiri, limpate linalompata. Mashehe wamekwisha kukubali.

Kaka, ni mimi. Mama alipokwenda kliniki, alikuja bwana mmoja, Himid, akitafuta mtu wa familia anayejua Kiingereza. Nikajitokeza kwa madaha. Karatasi zilikuwa mbili, na nilichoelewa ni yale maneno matatu ya darasani na jina la baba. Niliona haya kusema mengine siyajui. Akanisifu, nikatia sahihi.

Ami Abdala hana kosa. Nimejaribu kumwambia mama mara tatu, ulimi unakufa. Naogopa, kaka, naogopa sana. Njoo kabla ya Ijumaa, uketi naye wewe, nami nitakuwa nyuma yako. Ubani amenituma mimi kununua, na ameshanipangia kazi siku hiyo: nishike chetezo, nimfukizie huyo mtu mpaka dua iishe.

Wifi na watoto wape salamu zangu nyingi. Mama naye anakusalimu, hajui ninayokuandikia.

Mdogo wako,
Ashatu