Mumbi Wawili na Alama ya Kuuliza

Ko, ko, ko. Vidole vyako kwenye bati la mlango, saa kumi na moja alfajiri, kila Jumamosi. Kisha sauti: "Mayala, ndege hawamsubiri mtu." Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu bati hilo linyamaze, na bado tunaamka saa ileile.

Ulikuwa fundi baiskeli pale sokoni Kharumwa, Marselino Masele, mikono haiishi grisi. Darubini yako kuukuu uliifunga mkanda wa mpira wa tairi. Mteja aliyekaa kusubiri pancha ulimuuliza kwanza ndege aliowaona njiani, ndipo ukauliza tairi lina nini.

Ulianzisha kundi la simu la watazamaji ndege, ukaliita Macho Manne. "Mwangaluka, wenye macho! Leteni," ulitusalimu kila asubuhi. Theonest wa Samuye alileta yangeyange waliofuata ng'ombe wake. Rhoda wa Nkome alileta picha za mdiria waliotua kando ya dagaa zake. Nawe ulinakili yote daftarini. Sheria yako ilikuwa moja: ndege aliyepotea muda mrefu hapa kwetu haandikwi kuwa ameonekana mpaka wawili wamwone. Asiye na shahidi anawekewa alama ya kuuliza.

Jumamosi yako ya mwisho ulibisha kama kawaida. Mimi, Mayala, mwanao ninayeandika haya, nilikuwa nimechoka, jana yake nilishinda karashani nikisaga mawe ya dhahabu. Nilikujibu bila kufungua, "Baba, leo niache." Ukaniacha. Ukaenda peke yako.

Ulirudi jua limepanda, huwezi hata kukaa kwa furaha. Mumbi wawili! Wale ndege weusi wakubwa wenye shingo nyekundu, wanaonguruma kama ngoma ya mbali, ambao hatukuwaona tena tangu miti mikubwa ianze kukatwa kuwa matimba ya kushikilia kuta za mashimo. Bujiku, rafiki yako muuza maziwa, akakutania kundini: "Mzee, hao ni bata mzinga wa paroko, wametoroka!"

"Bata mzinga gani anapanda mti akapiga ngoma, we Bujiku?" ulimjibu. "Ila sina shahidi."

Kisha ukaandika kwa mkono wako: mumbi wawili, na mbele yake alama ya kuuliza. Jumanne presha ikakuchukua.

Matanga yalipoanuliwa, niliwaka. Nililiambia kundi kwamba baba yangu hakuwa mwongo, alama ile ifutwe siku hiyohiyo. Theonest akaandika, "Tumheshimu mzee. Tuifute." Wote wakakubali. Mama ndiye aliyelichukua daftari mikononi mwangu, akalifunga.

"Marselino hakuandikiwa ndege kwa huruma akiwa hai. Mnataka kumwanzishia leo?"

Nikaiacha alama ilivyo. Hata mashairi yangu uliyasikiliza mpaka ubeti wa mwisho, kisha ukasema, "Vina vizuri, mwanangu, lakini huyo ndege umemwongezea manyoya."

Tumechoka, Baba. Jumamosi hamsini nimekwenda na Bujiku pale ulipotuelekeza siku ile uliporudi. Kanga tumeona, hondohondo wadogo tumeona, kunguru hawahesabiki. Mwezi wa sita tulisikia ngurumo, tukakimbia kwenye miiba mpaka pumzi ikatuishia. Ilikuwa jenereta ya wachimbaji. Kila tukirudi, visiki vimeongezeka. Bujiku hatanii tena; anabeba maji, anakaa kwenye kisiki, ananisubiri nikubali kurudi nyumbani.

Unakumbukwa na mkeo Scolastika, wanao Mayala na Paskalia, mdogo wako Sostenes, na wenzako wote wa Macho Manne. Jumamosi haitapita hapa kwetu bila jina lako kutajwa.

Jana tulipokuwa tukipalilia kaburi lako, Mama aliniangalia miguu ilivyochanika. Akaniuliza kwa upole kama sasa nimeridhika kuacha. Nilimjibu kwa sauti, ili nawe usikie:

"Mama, Jumamosi nitambishia Bujiku saa kumi na moja. Mimi naye tukiwaona mumbi, alama tutaifuta. Tusipowaona, itabaki. Lakini Baba sitamwacha aende peke yake tena."