Mkufunzi Aliyerudishwa Mlangoni kwa Mama

Mbeya, Jumamosi asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana najua ya kwanza utasema hukuisikia. Goti limepoa, au bado unazisingizia ngazi? Baba naye na kikohozi chake? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu. Nalala na soksi na kanga tatu, na asubuhi bado meno yanagongana.

Naandika barua kwa sababu mdogo wangu Zuhura anasema umechoka kusimuliwa habari kwa simu. Kila zikifika penye utamu, mtandao unakata. Basi kaa vizuri. Hii haikati, tena inakuhusu wewe.

Unajua kabla ya kumaliza chuo lazima twende kufundisha shuleni huku tukikaguliwa. Mimi nilikuwa naomba kitu kimoja tu, nipangiwe Tanga. Tangu nije huku sijarudi nyumbani hata kwa Idi. Lakini anayepanga ni Mwalimu Mwakyoma, mkufunzi wetu wa masomo ya mtandaoni, naye alishatuambia atakayeshindwa kazi yake haendi kokote, atabaki hapa airudie. Kazi yenyewe ni kutengeneza somo ambalo mwanafunzi atalisoma peke yake kwenye simu, "na liwe na ubunifu." Hilo neno ubunifu alilisema mpaka tukaliota.

Mimi nilichagua somo la chachu, nilifundishe kwa unga wa vitumbua. Wenzangu walipamba masomo yao kwa muziki na maua yanayozunguka. Mimi nikajiuliza, hivi mtu ataingiaje kwenye somo la mwenzake bila kubisha hodi? Kwetu Chumbageni hata fundi bomba uliyemwita mwenyewe anasimama mlangoni. Nikaweka mlango, na kitufe cha Hodi. Nikamwomba Zuhura akurekodi ukisema "Karibu." Neno moja tu, Mama!

Unakumbuka ulivyomjibu? "Nimkaribishe nani, mbona simwoni mtu?" Ikabidi atoke nje abishe kweli, nawe ukamfanyia yale unayomfanyia kila mtu. Nilichotumiwa kilikuwa ugomvi mtupu, na "karibu mwanangu" moja huko mwishoni. Nikaona hasara kuutupa, nikautumia wote. Mwanafunzi akibonyeza Hodi unauliza, "Nani?" Akiandika "mimi," unamwambia, "Mimi nani? Mimi hana jina?" Akitaja jina bila kukuamkia, unamrudisha nje. Akitimiza yote ndipo mlango unafunguka, anakuta unga unaumuka bakulini.

Wenzangu walilipenda sana. Nilichosahau ni kwamba mkufunzi naye angepita mlango huo huo. Na huyu mzee ana mvi kichwa kizima. Pale chuoni yeye huamkiwa tu, haamkii mtu.

Siku ya ukaguzi somo likawekwa ukutani kwa projekta, darasa zima linatazama, mkuu wa chuo yuko nyuma. Mwalimu akabonyeza Hodi.

"Nani?" ukauliza kwenye spika.

Akatabasamu, akaandika, "Mwakyoma."

"Hujaamkia! Ndivyo ulivyofunzwa kwenu? Hebu rudi nje, uje upya!"

Somo likamrudisha mwanzo. Akaandika jina na "habari za asubuhi." Ukamrudisha. Akaandika jina na shahada zake zote. Ukamrudisha tena, tena ilisikika kama umekasirika zaidi, ingawa sauti ni ile ile. Mkuu wa chuo akashikwa na kikohozi kisicho na ugonjwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tanga niliiona inaniaga.

"Huyu ni nani?" Mwalimu akaniuliza.

"Mama yangu, Mwalimu."

"Ana umri gani?"

"Amekuzidi kidogo, Mwalimu." Nisamehe, Mama, nimekuzeesha mbele za watu, lakini nilikuwa kwenye shida.

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha machoni. Kisha akaandika kwa kidole kimoja: Mwakyoma, shikamoo.

"Marahaba. Karibu mwanangu."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alisoma somo lote hadi mwisho, halafu akanigeukia. "Mlango huu ni mgumu. Uliujaribu kabla ya kuuleta hapa?"

Tumaini, mwenzangu wa chumbani, ambaye hajui kunyamaza, akadakia: "Ameujaribu sana, Mwalimu. Kila asubuhi kabla ya chai anabisha hodi. Akishakaribishwa anazima simu, wala haingii kusoma."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nilitaka kusema nilikuwa natafuta makosa, lakini nikasema ukweli: "Nilikuwa nataka kumsikia." Machozi yakanitoka palepale, mkuu wa chuo akiniangalia. Nimekukumbuka sana, Mama. Kwa simu huwa sikwambii kwa sababu utalia, na ukilia nami sitasoma.

"Mtu akikosea mara mbili, aelekezwe cha kusema," Mwalimu Mwakyoma akaniambia. "Hilo rekebisha. Mengine umefaulu." Kisha akamgeukia karani wake: "Huyu mwandike Tanga."

Nisalimie Baba. Msalimie Bibi wa Nguvumali, na mjomba fundi cherehani, mwambie naomba sketi mbili ndefu za kufundishia. Zuhura, mpiga rekodi wangu, mwambie nina zawadi yake.

Nakuja mwisho wa mwezi. Simu nitaitia mkobani, nibishe hodi kwa mdomo wangu. Ukiuliza nani, nitataja jina langu, la Baba na la babu, na shikamoo juu yake. Ila nikishayasema yote hayo, Mama, usichelewe kufungua.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi