Unga Ambao Sikuugusa

Sumbawanga,
12 Juni 1994

Dada Edith,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila baridi inatusumbua. Tumefurahi kusikia umejifungua salama. Ulezi tumevuna, na mdogo wetu Fabiani ameanza kutembea tena baada ya ile homa ya matumbo.

Uliniomba nije kukupikia na kumbeba mtoto. Mzigo nilikuwa nimeshafunga. Lakini daktari aliyemtibu Fabiani alitupima nyumba nzima, akakuta vijidudu vya homa hiyo kwenye choo changu, ingawa siumwi. Niliona aibu hata kumtazama. Akaniuliza nilipougua mwaka jana nilitumia dawa gani. Nikamwambia ni vile vidonge vya rangi mbili vya dukani Majengo. Homa iliposhuka niliacha, vilivyobaki tukampa jirani. Akasema vijidudu vimeizoea dawa hiyo. Vimejificha kwenye nyongo na kujifunika utelezi, kama ule wa ndani ya mtungi usiosuguliwa, dawa inapita juu tu. Atajaribu nyingine, ila kwa sasa nisimpikie mtu.

Mama ananitania, "Umekuwa bibi harusi wetu, hupiki wala huchoti maji!" Kisha anageuka kupuliza moto.

Kwa hiyo siji, Dada. Mwombe wifi yako akusaidie. Unga wa uji anaokuja nao Shemeji ameusaga Mama, mimi sikuugusa. Nimeshika barua hii tu. Ukimaliza kuisoma, nawa mikono kwa sabuni, ndipo umbebe mtoto.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Evodia